Pembe za ndovu hazina dini

Mwaka jana, kipindi cha mwisho cha siku ya Alhamisi, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tano aliniuliza swali ambalo sikulijibu. Nilijifanya nimelijibu. Nilisema maneno mengi, nikawataja Wareno, nikautaja mkutano wa Berlin, kengele ikalia, na darasa likatoka likiamini kuwa Ustaadhi amemaliza kazi. Aliyeuliza hakuamini. Nilimwona usoni.

Ndugu msomaji, makala hii ni deni la swali lile. Ili nililipe itanibidi nianzie mbali kidogo, kwenye kitabu cha hadithi kilichoandikwa na mtu wa Ulaya, kwa kuwa kitabu hicho ndicho kilichonitia matatani.

Kinaitwa Heart of Darkness. Kwa Kiswahili tungeweza kusema Moyo wa Giza. Nilikinunua nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu, kwa wauza vitabu vilivyotumika wanaotandaza chini pale Posta, Dar es Salaam. Sikukichagua kwa ubora wake. Kilikuwa chembamba, na mimi nilikuwa natafuta kitu cha kunyooshea Kiingereza changu ambacho ningeweza kukimaliza. Kumbe wembamba ule ni wa kudanganya. Nilikisoma mara tatu ndipo nikaanza kuelewa kinasema nini, na miaka mingi ikapita kabla sijaelewa kinanyamazia nini.

Mwandishi wake ni Joseph Conrad, Mpolandi aliyezaliwa mwaka 1857, akawa baharia, kisha akachukua uraia wa Uingereza. Mwaka 1890 aliajiriwa na kampuni moja ya Ubelgiji iliyokuwa ikifanya biashara Kongo, akapanda mto kwa meli ya moshi hadi Stanley Falls, mahali ambapo leo ni mji wa Kisangani. Huko walimpakia wakala mmoja mgonjwa, jina lake Georges Antoine Klein, naye akafia njiani wakati wa kurudi. Conrad mwenyewe aliugua vibaya akarejea Ulaya kabla ya muda wake. Miaka tisa baadaye, mwaka 1899, akaitoa hadithi yake katika jarida, na mwaka 1902 ikawa kitabu.

Hadithi yenyewe ni hivi. Baharia mmoja aitwaye Marlow anawasimulia wenzake safari yake ya kupanda mto mkubwa barani Afrika. Mto hautajwi jina, lakini hakuna asiyejua kuwa ni Kongo. Ametumwa kumfuata wakala aitwaye Kurtz, ambaye peke yake anapeleka pembe nyingi sawa na mawakala wengine wote wakijumlishwa. Kila kituo anachopita Marlow anasikia sifa za Kurtz: msomi, mchoraji, mwanamuziki, fundi wa kusema. Kuna chama cha kihisani huko Ulaya kilimwomba aandike ripoti kuhusu namna ya kukomesha mila za kishenzi, naye akaiandika kwa ufasaha wa kuliza watu. Marlow anapofika anaona kwa darubini miti iliyosimikwa mbele ya nyumba ya Kurtz, anadhani ni mapambo. Anapotazama vizuri anakuta ni vichwa vya watu. Wenyeji wanamwabudu mtu huyu kama mungu, naye anawaongoza kuvamia vijiji vya jirani kutafuta pembe. Na ile ripoti nzuri, ukurasa wa mwisho, Kurtz ameongeza kwa mkono uliotetemeka ushauri kwamba washenzi wale wote waangamizwe.

Nani alimharibu Kurtz? Hili ndilo swali la kitabu, na jibu la Conrad, ukimsoma kwa makini, ni kwamba msitu ulimharibu. Upweke, giza, ngoma za usiku, ukosefu wa askari polisi na majirani. Pori likamnong'oneza mpaka unyama uliolala ndani yake ukaamka. Hapa ndipo Chinua Achebe, yule Mnigeria ambaye wengi wetu tulimsoma katika Shujaa Okonkwo, alipokasirika. Mwaka 1975, akiwa Marekani katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, alitoa mhadhara akasema waziwazi kuwa Conrad ni mbaguzi wa rangi. Hoja yake ilikuwa nzito: inakuwaje bara zima na watu wake wageuzwe kuwa pazia la nyuma la kuonyeshea namna akili ya Mzungu mmoja inavyovurugika? Katika kitabu kile Waafrika wanakimbia, wanapiga kelele, wanakufa. Kuzungumza karibu hawazungumzi.

Nakubaliana na Achebe. Ila mimi, kama mwalimu wa dini, kuna jambo jingine linanisumbua katika jibu la Conrad. Ukisema msitu ulimharibu mtu, umemsamehe. Umesema kwamba angebaki Brussels angekuwa mwema. Qur'an haituruhusu kusema hivyo. Katika Suratul-Alaq, aya ya 6 na ya 7, tunafundishwa kuwa binadamu huvuka mipaka pale anapojiona amejitosheleza, hahitaji wala hahojiwi. Hapo hapatajwi msitu wala hali ya hewa. Kinachotajwa ni nafsi iliyojiona haina wa kuiuliza. Kurtz hakwenda Afrika akiwa mzima akaambukizwa kule. Alikwenda na ripoti yake mkononi, akiamini tangu Ulaya kwamba yeye ni mwalimu na wengine wote ni wanafunzi wasio na haki ya kunyoosha mkono. Msitu haukumpa kitu kipya. Ulimwondolea tu watu wa kumwona aibu.

Na lipo neno lenyewe, ufisadi. Sisi Watanzania tumelibana mno neno hili mpaka limebaki na maana ya kuiba fedha za serikali. Katika Qur'an ni neno pana zaidi. Suratul-Baqara, aya ya 11 na ya 12, inawaelezea watu ambao wakikatazwa kufanya ufisadi katika ardhi hudai kuwa wao ni watengenezaji tu, na Mwenyezi Mungu (SW) anabainisha kuwa hao hasa ndio mafisadi, isipokuwa hawatambui. Wanazuoni wa tafsiri wanaeleza kuwa aya hizi zinawasema wanafiki wa Madina, na ni sawa. Lakini nikisoma ripoti ya Kurtz, mwanzo wake na ule ukurasa wa mwisho, nawaona watu wa aina hiyo hiyo.

Kuna mhusika mmoja mdogo katika kitabu ambaye wasomaji wengi wanampita, nami humkumbuka kuliko hata Kurtz. Ni karani wa hesabu katika kituo cha kwanza. Katikati ya vumbi na joto anavaa kola nyeupe iliyopigwa wanga, na vitabu vyake vya hesabu havina kosa hata moja. Hatua chache kutoka ofisini kwake, chini ya miti, vibarua weusi waliochoka wanakufa kwa njaa na maradhi. Siku moja wanamletea mgonjwa ofisini, na kinachomkera karani ni kwamba milio ya mgonjwa inamvuruga asije akakosea tarakimu. Kwa vipimo vyetu vingi huyu ni mtu mwema! Msafi, mwaminifu, hana senti ya kampuni mfukoni.

Sasa tuache hadithi tuje kwenye mambo yaliyotokea, maana Conrad hakuzua mengi. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitisha mkutano wa wanajiografia Brussels mwaka 1876, akaunda jumuiya ya kihisani, akasema shabaha yake ni sayansi, ustaarabu, na kukomesha biashara ya watumwa iliyokuwa ikifanywa na Waarabu. Ulaya ikampigia makofi. Kupitia mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 mataifa yakamtambua, na kuanzia 1885 hadi 1908 Kongo ikawa mali yake. Si koloni la Ubelgiji, bali mali yake yeye mtu mmoja. Na katika miaka yote hiyo 23 hakuwahi kuikanyaga ardhi hiyo.

Kwanza zilikuwa pembe. Kisha, baada ya Dunlop kuvumbua tairi la upepo mwaka 1888, dunia ikahitaji mpira, na misitu ya Kongo ilikuwa na mipira ya mwitu. Mawakala walilipwa mshahara mdogo na bahashishi kulingana na kiasi walichokusanya. Wake za wanakijiji walishikwa mateka mpaka waume zao walete kiwango kilichotakiwa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba kila risasi imemuua mtu na haikupotea kwenye kuwinda wanyama, na ushahidi ulikuwa mkono wa kulia uliokatwa. Wengine walipotumia risasi kuwindia, walikata mikono ya watu walio hai ili hesabu ikae sawa. Huko huko Stanley Falls ofisa mmoja wa Kibelgiji, Léon Rom, alipamba kitalu chake cha maua kwa vichwa vya watu, na habari hiyo ilichapishwa Uingereza kabla Conrad hajamaliza kuandika hadithi yake. Idadi ya waliokufa wanahistoria wanabishana mpaka leo, kwa sababu hapakuwa na sensa; wapo wanaofikisha milioni 10.

Hapa kuna karani wa pili, naye ni wa kweli. Edmund Morel alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya meli, akitumwa mara kwa mara bandari ya Antwerp kusimamia shehena. Akaona katika makaratasi kwamba meli zinarudi kutoka Kongo zimejaa mpira na pembe, na zinapokwenda hazibebi bidhaa za kuuza, zinabeba bunduki na risasi. Hakuwa amefika Kongo. Alikaa na vitabu vya hesabu vile vile anavyokaa navyo karani yeyote, akajiuliza: ikiwa hawapeleki cha kulipia, basi wanalipa kwa nini? Akaacha kazi mwaka 1901, akaanza kuandika, na mwaka 1904 akaanzisha chama cha kupigania mageuzi ya Kongo. Kabla yake, mwaka 1890, Mmarekani mweusi aitwaye George Washington Williams alikuwa amekwisha mwandikia Leopold barua ya wazi akiwa Stanley Falls, akamwekea mbele yale aliyoyaona. Huyo alifariki mwaka uliofuata, na Ulaya ikamsahau upesi.

Nilipokuwa nikiwaeleza wanafunzi habari hizi niliingiza hadithi ya Ibn al-Lutbiyya, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (SAW) alimtuma mtu kukusanya zaka, akarudi akigawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume (SAW) akasimama juu ya mimbari akahoji kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi hiyo ingemfikia. Nikawaambia wanafunzi, tazameni tofauti. Uislamu ulimhoji mkusanyaji kwa fungu dogo la zawadi, Ulaya iliwalipa mawakala wake bahashishi kwa mikono ya watu. Darasa likafurahi. Na mimi, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilifurahi kwa kuwa darasa limefurahi.

Ndipo kijana yule akanyoosha mkono. "Ustaadhi, na Tippu Tip je?"

Nikamuuliza Tippu Tip amefanya nini. Akasema kwa adabu, hata hakuinua sauti: "Bibi yangu yuko Ujiji. Sisi ni Wamanyema. Anasema nyanya ya bibi yake aliletwa kutoka Kongo pamoja na pembe."

Wasomaji wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa Wamanyema ni nani. Wanao msikiti wao mashuhuri Kariakoo, na mchango wao katika Uislamu wa mji huu ni mkubwa. Asili yao ni mashariki ya Kongo, na wengi wao walifika Ujiji, Tabora na pwani kwa njia za misafara ya pembe. Baadhi wakiwa wapagazi huru na wafanyabiashara, na baadhi wakiwa na minyororo. Kijana hakuwa anabishana. Alikuwa anauliza habari za kwao.

Nami nilijibu nini? Nilisema Wazungu wametia chumvi. Nikasema utumwa wa kwetu ulikuwa wa huruma kuliko ule wa Marekani. Nikasema Wareno walianza. Kengele ikaniokoa.

Usiku ule nilikitoa kile kitabu chembamba nikakisoma tena, na nikakuta jambo ambalo sikumbuki kuliona mara zote za nyuma. Marlow akiwa njiani kwa miguu kabla ya kufikia meli yake, anakutana na Mzungu mmoja aliyefungua vifungo vya sare yake, amelewa au karibu na kulewa, amepiga kambi njiani. Mzungu huyo ana walinzi wenye silaha, na walinzi hao Conrad anawataja kwa asili yao: ni Wazanzibari. Mstari unapita, hadithi inaendelea. Kumbe tumo. Nilikuwa nikikisoma kitabu hicho nikijiweka upande wa wanaokufa chini ya miti, na ndani yake watu wa kwetu wametajwa wakiwa wameshika bunduki.

Na hao ni wale waliotajwa tu. Ambaye Conrad hakumtaja ni mkubwa zaidi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa ndiye mwenye nguvu katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kongo kabla ya Wabelgiji. Na mwaka 1887 huyo huyo Leopold, aliyekuwa akikusanya sifa za Ulaya kwa kupiga vita biashara ya watumwa ya Waarabu, alimfanya Tippu Tip kuwa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa kila mwezi. Mkataba ulifungwa Zanzibar, Stanley akiwa mjumbe. Tippu Tip aliondoka Stanley Falls mwaka 1890, mwaka ule ule Conrad alipofika. Kituo kile, ambacho katika riwaya ni nyumba moja iliyozungukwa na pori, kwa kweli kilikuwa na mji wa Waarabu na Waswahili. Conrad aliwafuta wote ili abaki Mzungu na msitu wake. Na sisi, tunaposimulia habari za Kongo, tunawafuta watu wale wale, ila kwa sababu nyingine.

Najua kitakachosemwa, kwa kuwa nimewahi kukisema mimi. Habari za utumwa wa Waarabu ziliandikwa na wamishonari na maofisa wa kikoloni, wakazitumia kuhalalisha kuja kwao na kuuchafua Uislamu. Hilo ni kweli, na vitabu vya shule vilivyotulea vimejaa mkono wao. Livingstone anasimulia mauaji ya soko la Nyangwe, Julai 1871, ambapo watu wa wafanyabiashara wa pwani waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza vyakula. Tuseme Livingstone ni mmishonari, tumwache.

Basi tumsome Tippu Tip mwenyewe. Aliacha maisha yake kwa lugha yetu hii ya Kiswahili, Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mwanzoni mwa karne iliyopita, na hapa Afrika Mashariki yalichapishwa tena. Hakuna wa kumsingizia humo. Anasimulia mapigano yake na Nsama. Anasimulia alivyofika Utetera akadai kwamba yeye ni mjukuu wa dada wa mtawala wa nchi, dada aliyetekwa zamani na kupelekwa pwani, na kwa madai hayo mzee Kasongo Rushie akamwachia utawala. Anasimulia jambo hilo bila kuona haya, kama mtu anayesimulia namna alivyopata kiwanja kwa bei nzuri. Pembe zinahesabiwa kwa frasila, kwa uangalifu mkubwa. Nikamkumbuka yule karani wa kola nyeupe.

Sasa hukumu ya sheria ni ipi? Ipo hadithi qudsi aliyoipokea Bukhari, inayowataja watu watatu ambao Mwenyezi Mungu (SW) atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Watu wa Umanyema na Utetera walikuwa huru. Hawakutekwa katika jihadi yenye masharti yake. Hakuna mwanazuoni ninayemjua aliyewahi kusema kuwa kuvamia kijiji cha watu ili wakubebee pembe mpaka pwani ni jihadi. Kwa hiyo mtu anayeuliza kama utumwa wa kwetu ulikuwa wa huruma amekwisha kuliruka swali la kwanza: mtu huyu alipatikanaje?

Hili la huruma nalo limenitesa kidogo. Ni kweli kwamba mtumwa wa pwani aliweza kuachwa huru, kuoa, kuingia msikitini, na wajukuu zake wakawa masheikh. Sikatai hata kidogo. Lakini tazama tunavyolitumia jambo hilo. Tunalisema kana kwamba aliyemteka alikusudia ajukuu awe sheikh. Ndiyo ile ile ripoti ya Kurtz, imegeuzwa kanzu. Mbelgiji alisema tumewaletea ustaarabu, sisi tunasema tumewaletea dini. Na katikati ya maneno hayo mawili yupo mwanamke anayetembea kutoka Kongo mpaka Ujiji na pembe kichwani, ambaye hakuna aliyemuuliza anataka nini.

Leopold alipolazimishwa kuikabidhi Kongo kwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908, nyaraka za dola yake zilichomwa moto Brussels, na tanuri zikawaka kwa siku nane. Alijua anachokiunguza. Riwaya ya Conrad nayo inaishia kwenye jambo la namna hiyo, ila dogo na la kiungwana. Marlow anarudi Ulaya, anakwenda kumpa pole mchumba wa Kurtz. Binti yule amevaa nguo nyeusi, anaamini marehemu alikuwa mtu bora kuliko wote, anataka kujua neno lake la mwisho lilikuwa nini. Neno la mwisho la Kurtz lilikuwa la mtu aliyeona kitisho cha alichokifanya. Marlow anamdanganya binti, anamwambia alitaja jina lako. Nilipokuwa mwanafunzi niliona Marlow amefanya ubinadamu. Siku hizi naona kwamba uongo ule ndio ulioziwezesha meli kuendelea kwenda, maana kila nyumba Ulaya ilikuwa na mtu wa kudanganywa kwa upole.

Uongo wangu mbele ya kidato cha tano ulikuwa wa aina hiyo. Wa upole, wa nia njema, wa kuilinda dini. Lakini dini haikuniomba niilinde kwa njia hiyo. Suratun-Nisaa, aya ya 135, inatuamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Aya hiyo naifundisha kila mwaka, na hutoka kwenye mitihani.

Mwaka 2020 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimwandikia Rais wa Kongo barua ya majuto kwa yaliyotendeka, na mwaka 2022 akaenda Kinshasa akayarudia kwa mdomo wake. Msamaha hakuomba. Mimi na walimu wenzangu tulilicheka jambo hilo chumba cha walimu. Tukasema majuto bila kurudisha haki za watu si toba, na kwa masharti ya toba tunayoyafahamu tulikuwa sahihi. Hakuna aliyeuliza kuhusu upande wetu. Wala sisemi kwamba mimi, mjukuu wa wavuvi, nibebe dhambi za Tippu Tip; hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Dhambi zake atahesabiwa yeye, aliyefariki Zanzibar mwaka 1905. Ila uongo ninaousema leo darasani ni wangu, umeandikwa kwenye daftari langu.

Wako watakaosema kwamba naandika haya gazetini kwetu ili maadui wapate cha kusema. Ndugu zangu, wanayo ya kusema tangu zama za Livingstone. Asiyekuwa nayo ni yule kijana. Akitoka kwangu bila jibu atakwenda kulitafuta kwa mtu mwingine, na mtu huyo atampa jibu la kweli kuhusu Tippu Tip na la uongo kuhusu Uislamu, vyote kwenye sahani moja. Hapo nitakuwa nimemlinda nani?

Alhamisi iliyofuata nilirudi darasani nikawaambia kwamba wiki iliyopita sikujibu. Tulisoma habari za Utetera, kwa Kiswahili cha Tippu Tip mwenyewe, ambacho wanafunzi walikiona cha ajabu na kuna maneno mawili matatu yaliyonishinda hata mimi. Mmoja alimtetea kwa nguvu, na nilimwacha aseme mpaka amalize. Kisha nikamuuliza yule wa Ujiji kama angependa kuongeza lolote. Akasema alimpigia bibi simu kumuuliza jina la yule nyanya aliyeletwa. Bibi analijua moja tu, Faida, jina alilopewa alipofika. La kwao halikumbukwi.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Nikafuta ubao, tukaendelea na vita vya 1892.